Nani Anamdai Nani? Mafunzo ya Sheria ya Madai katika Vyuo Vikuu vya Ujerumani

Mtu akisikia neno sheria, mara nyingi mawazo yake huenda moja kwa moja kwa askari, pingu na gereza. Walakini hiyo ni sehemu moja tu ya sheria, tena si ile imgusayo mtu kila siku. Anunuaye mkate dukani, apangaye chumba, amwazimaye jirani jembe, aoaye, arithiye shamba la babaye, hao wote hawana habari na askari, lakini wamo ndani ya sheria tangu asubuhi hata jioni. Sheria hiyo iamuayo mambo ya mtu na mwenziwe ndiyo iitwayo sheria ya madai. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi vijana waingiao chuo kikuu huko Ulaya wanavyofundishwa misingi yake. Na kwa kuwa Ulaya ni kubwa, na kila nchi ina desturi zake, tumechagua nchi moja, yaani Ujerumani, ambako mafunzo haya yana utaratibu wa namna ya peke yake.

Asili ya sheria yenyewe si Ujerumani. Kaisari Justinian, aliyetawala Constantinople katika karne ya 6, aliamuru maandiko ya wanasheria wa Kirumi yakusanywe, yapunguzwe na kupangwa. Mkusanyo ulio mkubwa kupita yote, uitwao Digesta, ulitangazwa mwaka 533, nao una vitabu 50. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya ya magharibi walikuwa karibu wameusahau, hata ulipoanza kusomwa tena katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, mwishoni mwa karne ya 11. Walimu wa Bologna waliyapitia maandiko hayo neno kwa neno na kuandika maelezo yao pembeni mwa ukurasa, kama wanazuoni wa pwani yetu walivyozoea kufanya katika vitabu vyao vya fikihi. Vijana walikwenda huko kutoka nchi nyingi, Wajerumani miongoni mwao, nao waliporudi makwao walirudi na sheria ya Kirumi vichwani.

Wafaransa ndio waliotangulia kuwa na kitabu chao kikubwa, mwaka 1804, zamani za Napoleon. Wajerumani hawakuwa dola moja hata mwaka 1871, na kabla ya hapo kila jimbo lilikuwa na sheria zake. Baada ya kuungana, wataalamu walikaa zaidi ya miaka 20 wakitunga na kusahihisha. Kitabu chao kilitangazwa mwaka 1896 kikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1900. Kina sehemu 5, na vifungu vyake vyafika namba 2,385, na ijapokuwa kimebadilishwa mara nyingi, kwa mfano mageuzi makubwa ya mwaka 2002, namba ya kifungu cha mwisho ingali ileile. Kitabu cha Wafaransa chasomeka kwa urahisi. Mkulima mwenye subira aweza kukifuata. Cha Wajerumani ni kigumu kama jiwe. Kiliandikwa na mabingwa kwa ajili ya mabingwa, na sisi hatuoni haya kusema kwamba ni kosa kwa kitabu kinachowahusu watu wote. Lakini ugumu huo una faida moja: hapana neno ndani yake lililowekwa ovyo.

Huenda msomaji akauliza, haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kidogo. Wajerumani walipotawala Tanganyika, kitabu hiki kilitumika hasa kwa Wazungu. Waafrika walihukumiwa mbele ya maofisa wa wilaya, maliwali na maakida, na baraza hizo Wajerumani wenyewe walizoea kuziita kwa neno letu, shauri. Baada yao Waingereza walileta sheria za namna yao, na habari za mikataba zilifuata sheria iliyotungwa kwa ajili ya Bara Hindi, hata Tanganyika ilipopata Sheria ya Mikataba yake mwaka 1961. Huko Kongo mambo yalikwenda njia nyingine. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 iliweka sheria ya mikataba iliyofuata kitabu cha Wabelgiji, nacho ni mtoto wa kile cha Wafaransa. Kwa hiyo mwanafunzi wa sheria wa Lubumbashi na mwenziwe wa Dar es Salaam hawaanzi somo lao mahali pamoja.

Sasa na tuingie darasani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa kitabu cha sheria, naye huambiwa akizoee kama fundi azoeavyo zana zake. Ataona kila kifungu kimetanguliwa na alama hii, §. Ataona pia kwamba sehemu ya kwanza ya kitabu haisemi habari za nyumba, wala ndoa, wala urithi, bali kanuni za jumla: mtu ni nani, mtoto aweza kufanya nini, tamko la mtu lina nguvu lini. Walimu wa hesabu watatambua mara moja jambo hili. Tukiwa na 3 × 5 na 3 × 7, twaweza kuitoa 3 nje ya mabano, tukaiandika mara moja tu. Wajerumani wenyewe hutumia mfano huohuo wa mabano: kanuni inayotumika katika kuuza, kupanga, kuoa na kurithi imetolewa nje na kuwekwa mwanzo. Taabu yake ni kwamba mwenye shauri dogo la baisikeli hulazimika kufungua kitabu mahali patatu au panne kabla ya kupata jibu lake.

Swali la kwanza analofundishwa kijana ni hili: nani anataka nini, kwa nani, na kwa kifungu kipi? Halimwulizi nani mwema na nani mbaya. Mwalimu huweza kusimulia kisa chenye watu watano, ugomvi, matusi na machozi. Mwanafunzi hana budi kuyaweka yote kando kwanza na kutafuta mdai, mdaiwa, kitu kinachodaiwa, na kifungu kinachompa mdai haki ya kudai. Kama hapana kifungu, hapana dai, hata moyo ukiuma namna gani.

Kisha huja namna ya kuandika. Watu wa kisa hawana majina, wana herufi: mwuzaji huitwa V na mnunuzi K, kwa herufi za kwanza za maneno ya Kijerumani. Mwanafunzi haruhusiwi kuanza na jibu. Huanza na huenda: “Huenda V anayo haki ya kumdai K euro 200 kwa kifungu cha 433.” Halafu hutaja sharti: ili haki hiyo iwepo, ni lazima uwepo mkataba wa kuuziana. Halafu hueleza maana: mkataba huwapo mtu mmoja akitoa pendekezo na wa pili akilikubali. Halafu hutazama kisa chenyewe, V alisema nini na K alijibu nini, na mwisho kabisa ndipo husema, “Basi, V anayo haki.” Neno “kwa sababu” karibu limepigwa marufuku katika uandishi huu, kwani mwenye kusema “kwa sababu” amekwisha kuamua, naye sasa anatafuta tu vijiti vya kuegemeza uamuzi wake. Hakimu ndiye aandikaye kinyume, jibu kwanza na sababu baadaye. Kwa miezi mingi mwanafunzi huandika vijitu vidogo kwa njia hii ndefu, mpaka wengine huchoka na kucheka. Twadhani huo ndio moyo wa mafunzo yote: kumzuia mtu asikimbilie hukumu.

Hapa huja fundisho linalowatatiza wageni wote, wala si wageni tu. Mtu akinunua baisikeli na kulipa fedha taslimu, sisi twaona tendo moja. Mwanasheria wa Kijerumani huona matendo matatu. La kwanza ni mkataba wa kuuziana: V aahidi kutoa baisikeli, K aahidi kutoa fedha. Hapo baisikeli ingali mali ya V. K ana haki ya kudai, basi. La pili ni mapatano ya kuhamisha miliki, pamoja na kuikabidhi baisikeli yenyewe. La tatu ni kuhamisha miliki ya zile noti. Na kila moja husimama kwa miguu yake: mkataba ukifa, uhamisho hauanguki naye.

Msomaji asidhani ni mchezo wa maneno. Tuchukue kijana wa miaka 12. Kwa sheria ya Ujerumani mtoto asiyetimiza miaka 7 hawezi kufanya mkataba wo wote, na tangu 7 hata 18 aweza kwa idhini ya wazazi wake, au pasipo idhini ikiwa tendo lamletea faida tupu katika sheria. (Utu uzima ulikuwa miaka 21, ukashushwa kuwa 18 tangu mwaka 1975.) Basi kijana huyo amenunua baisikeli kwa malipo ya kila mwezi bila wazazi kujua. V amempa baisikeli, naye ameondoka nayo. Wazazi wapata habari, wakataa. Mkataba umekufa, kwa kuwa ulimtwika kijana deni, na deni si faida. Lakini je, baisikeli ni ya nani? Ni ya kijana! Maana kupewa miliki ya kitu ni faida tupu. Tendo hilo halikuhitaji idhini ya mzazi. Wanafunzi wengi hushtuka hapo, wakidhani kijana amekula cha bure. Lakini kiko kifungu cha 812, kisemacho kwamba aliyepata kitu cha mwenziwe pasipo msingi wa sheria hana budi kukirudisha. Mkataba ndio uliokuwa msingi, nao umekufa. Kwa hiyo kijana, ijapokuwa ndiye mwenye mali, atamrudishia V. Njia ni ndefu, na mwisho wake ni palepale ambapo mzee ye yote wa kijiji angefika kwa kutazama tu.

Kwa nini basi kuizunguka? Kwa sababu ya mtu wa tatu. Tuseme kijana alikwisha kuiuza baisikeli, kwa ruhusa ya wazazi wake safari hii, kwa mtu aitwaye D. Kwa kuwa kijana alikuwa mwenye mali kweli, D amenunua kwa mwenye mali, wala ugomvi wa V na kijana haumfuati. Anunuaye sokoni hana haja ya kuchunguza mikataba yote iliyopita nyuma ya bidhaa. Wataalamu wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka mia, na Wafaransa hawalitaki: kwao, kwa kawaida, miliki huhama kwa mkataba wenyewe.

Mtu wa tatu atuleta kwenye mali ya wizi, na hapa sheria inagusa mfuko wa maskini. Mtu akimwazima rafiki yake saa, na rafiki huyo mwenye hila akaiuza kwa mtu asiyejua lo lote, mnunuzi huyo atakuwa mwenye saa. Mwenyewe wa kwanza atabaki kumdai rafiki yake fedha. Lakini saa ikiwa imeibwa, mnunuzi hapati miliki, hata kama alilipa bei kamili na moyo wake ulikuwa safi. Mwenyewe ataichukua akiikuta. Tofauti yatoka wapi? Yule aliyeazima alimchagua rafiki yake mwenyewe, naye aliyeibiwa hakumchagua mwizi. Twaona kuna haki katika mpaka huo, ijapokuwa ni mchungu kwa mnunuzi. Fedha taslimu hazimo katika kanuni hii: noti ya wizi ikipokelewa dukani na mtu asiyejua, imekuwa yake, kwani biashara isingeweza kwenda kama kila noti ingeulizwa ilikotoka.

Kiko kisa kingine ambacho karibu kila mwanafunzi wa Ujerumani amekisikia katika wiki zake za kwanza. Si shauri la kweli, ni mfano uliobuniwa na wanasheria, lakini umeishi kuliko mashauri mengi ya kweli. Mgeni aingia chumba cha mnada katika mji wa Trier, mahali panaponadiwa mvinyo. Amwona rafiki yake upande wa pili, ainua mkono kumsalimu. Dalali agonga nyundo: mvinyo ni wako! Kwa desturi ya mnada ule, kuinua mkono maana yake ni kuongeza maki 100 juu ya bei iliyotajwa mwisho. Je, mgeni amenunua?

Wako waliosema hapana, kwa kuwa moyoni hakukuwa na nia ya kufanya mkataba, na mkataba bila nia ni kama salamu tu. Wako waliosema ndiyo, kwa kuwa dalali hawezi kusoma mioyo, aona mkono. Mahakama Kuu ya Ujerumani iliamua jambo la namna hii tarehe 7 Juni 1984, katika shauri la benki ya akiba iliyoandika barua bila kufahamu kwamba maneno yake yalikuwa maneno ya kuchukua dhamana ya deni. Mahakama ilisema kwamba mtu aliyeweza kutambua, kama angekuwa mwangalifu, kuwa tendo lake litafahamika kama tamko, amefungwa nalo. Lakini aweza kulivunja kwa sababu ya kukosea. Basi mgeni wetu amenunua, naye aweza kujiondoa, mradi aseme mara moja pasipo kukawia. Hata hivyo haondoki bure: hana budi kulipa hasara aliyoipata mwenziwe kwa kuuamini ule mkono, kwa mfano gharama alizotumia. Tunalipenda suluhisho hili, kwa kuwa halimtupi aliyekosea wala halimtupi aliyeamini.

Na shauri la papa na nyangumi je? Hili ni la kweli. Mwezi wa Novemba 1916, katikati ya vita na njaa, mfanya biashara mmoja aliuziwa mapipa 214 ya bidhaa iliyopakiwa katika meli Jessica. Katika mkataba bidhaa iliandikwa kwa jina la Kinorwe, Haakjöringsköd. Mwuzaji na mnunuzi wote wawili walidhani maana yake ni nyama ya nyangumi. Kumbe ni nyama ya papa, na ndani ya mapipa mlikuwa na papa. Shehena ilipofika Hamburg ilitwaliwa kwa amri ya vita, na bei aliyolipwa mnunuzi ilikuwa ndogo kuliko ile aliyoitoa. Akaenda mahakamani kudai tofauti.

Mwuzaji angeweza kusema, “Nimetoa hasa kilichoandikwa.” Lakini tarehe 8 Juni 1920 mahakama ya juu ya nchi iliamua kwamba jina lisilo sahihi halidhuru ikiwa wote wawili walikusudia kitu kimoja. Mkataba ulikuwa wa nyangumi, mwuzaji ametoa papa, mnunuzi ameshinda. Wenzetu wa pwani, ambao jina moja la samaki laweza kuwa na maana mbili kati ya Lamu na Kilwa, watafahamu upesi faida ya kanuni hii. Na tazama jinsi inavyotofautiana na kisa cha mnada: pale mmoja alikosea na mwenziwe hakujua, kwa hiyo sikio la msikilizaji ndilo linalopima, hapa walikosea wote pamoja, na hapana msikilizaji wa kulindwa.

Mafunzo haya hupimwa kwa mitihani ya kuandika. Mwanafunzi hupewa kisa cha ukurasa mmoja au miwili, naye huruhusiwa kuwa na kitabu cha sheria mezani. Wasiojua hudhani basi ni rahisi. Lakini vifungu vyafika namba 2,385, saa zinakwenda, na kitabu hakimwambii ni kifungu kipi. Alama za juu kabisa ni 18, na mwenye 4 amefaulu. Apataye 9 katika mtihani wa taifa hupongezwa na jamaa zake wote.

Mtihani huo wa taifa hufanywa baada ya miaka minne au mitano ya masomo, nao ndio hofu ya kila mmoja. Karatasi huandikwa kwa muda wa saa 5 kila moja, kwa siku kadhaa, na humo huulizwa mambo ya mwaka wa kwanza pamoja na ya mwaka wa mwisho. Wengi huwalipa walimu wa nje ili wayarudie yote tangu mwanzo, jambo linalotushangaza, kwani chuo kipo na walimu wake wapo. Aangukaye huruhusiwa kurudia mara moja. Wanaojaribu mapema hupewa nafasi moja zaidi, yaani wakianguka huhesabiwa kama hawakujaribu. Akianguka tena, mlango wa uhakimu na uwakili umefungwa, hata kama amesoma miaka sita.

Afaulupo, bado hajawa wakili. Hupelekwa miaka miwili kujifunza kazi yenyewe, akikaa kwa zamu na hakimu wa madai, na mwendesha mashtaka, katika ofisi ya serikali na kwa wakili. Hapo sasa hujifunza kuandika kwa njia ya hakimu, jibu kwanza na sababu baadaye, na lile neno “kwa sababu” alilokatazwa hurudishiwa. Halafu huja mtihani wa pili. Aupitaye huyo amestahili kuwa hakimu, na kwa sifa hiyohiyo aweza kuwa wakili au mwendesha mashtaka. Maana Wajerumani hawana shule ya mawakili peke yake wala ya mahakimu peke yake, bali wote hupita mlango mmoja.